Mgowe wa Meja

Mjukuu wangu alikuwa meja jeshini, sasa ni mbunge, na mimi ndiye niliyemwogesha kwa maji ya moto asubuhi za Juni, barafu imelala juu ya majani ya viazi. Watu wakija kuniuliza habari zake wanataka niseme alizaliwa na nyota. Hakuzaliwa na nyota. Binti huyu alizaliwa na kichwa kikubwa na sauti ya kukera, na mama yake, mwanangu wa kumzaa, alifariki kabla mtoto hajajua kutamka mama. Baba yake alikuwa utingo wa malori. Alipanda lori pale Makambako kuelekea Tunduma na mpaka leo hajashuka. Basi nikabaki naye mimi, mjane wa darasa la tatu, mwenye jembe moja na mpini wa kuazima.

Sisemi haya kwa uchungu. Mungu alichukua binti akaniachia mjukuu, na mjukuu akanijaza nyumba.

Alikuwa mtoto wa kupanga vitu. Kuni alizipanga kwa unene. Kuku aliwaingiza bandani mmoja mmoja kama anawaita majina. Watoto wenzake wakicheza, yeye ndiye anayesema nani asimame wapi, na wanasimama. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kwa ukoo ni babu yake na kwa utani ni mumewe. Alikuwa akipita uani anamtazama, anasema, "Huyu mke wangu nikimwoa, siku nikichelewa nitalala nje."

Mtoto anamjibu, "Utalala nje hata ukiwahi, hujaoga."

Alipomaliza kidato cha sita akaenda kambini kwa mafunzo ya jeshi kama vijana wengine wa rika lake. Wenzake wakarudi. Yeye akatuma salamu kwamba amechaguliwa kuendelea, anakwenda kusomea uofisa. Nilikataa. Mtoto wa kike na bunduki wapi na wapi. Nikaenda kwa mchungaji, nikamwambia amkataze kwa jina la Bwana. Mchungaji akaniangalia, akasema, "Mama, umemlea peke yako kwenye baridi hii kwa fimbo na sala. Jeshi litamfanya nini ambacho wewe hujamfanya?" Nikarudi nyumbani.

Alipokuja kuniaga nilimsindikiza mpaka stendi ya Makambako. Upepo wa pale mnaujua, unakuvua kitenge mbele za watu. Nikamnunulia mapichi ya njiani, nikamwambia asigombane na wakubwa.

"Bibi, jeshini hakuna kugombana. Kuna ndiyo afande."

"Basi watakurudisha wiki ijayo," nikamwambia.

Hawakumrudisha. Likizo ya kwanza alikuja na nyota moja begani. Zikawa mbili, zikawa tatu, na mimi nilizitazama kama mtu anavyotazama ndama wake akinenepa. Halafu likizo moja akaja hana nyota hata moja. Moyo ukanipasuka. Nikadhani amefanya kosa wamemvua, nikamsukuma chumbani majirani wasimwone, nikafunga mlango. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Begani alikuwa na ile nembo ya taifa, yenye bibi na bwana. Alikuwa meja. Nikafungua mlango, nikawaita majirani wote niliokuwa nawaficha.

Walimpeleka nchi za watu kulinda amani. Kule sikujua anakula nini wala analala wapi, nilijua tu kwamba kuna risasi. Kina mama wa usharika walimwombea kila tulipokutana, hata wale ambao hatusalimiani vizuri. Akarudi mzima. Nyumba yangu aliiezeka bati, blanketi alinunua zito, na mguu wangu ulipovunjika alinibeba mgongoni kwenda choo cha nje kama nilivyokuwa nikimbeba yeye. Mtu akiniuliza jeshi lilinipa nini, namwonyesha huo mgongo.

Kilichomtoa jeshini ni masika moja mbaya. Alikuwa likizo. Viazi tulikuwa tumevuna, magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita mdomo, yamepangwa kando ya barabara yanangoja lori, na lori haliwezi kupanda mlima kwa tope. Viazi vikaanza kutoa maji. Katika siku hizo hizo mke wa kijana mmoja wa kijijini akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Wakambeba kwa machela kwenda kukutana na gari la hospitali ya Njombe, na mjukuu wangu alishika mpini mmoja wa ile machela. Mama alipona. Mtoto alifia njiani, kwenye tope, mjukuu wangu anaona.

Akarudi nyumbani, akakaa jikoni na buti zake zenye matope, hakuzivua.

"Bibi, nataka kugombea ubunge."

"Gombea."

"Askari haruhusiwi kuwa na chama. Lazima nistaafu kwanza, nirudishe sare."

"Na ukishairudisha, watu wakikukataa?"

"Nitakuwa sina huku wala kule."

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na haikutoka kwa miaka. Sikuogopa njaa, njaa naijua. Niliogopa kwamba ataivua nguo aliyoishona kwa jasho lake mwenyewe, asimame wazi mbele ya watu wa kwao, na watu wa kwao wageukie pembeni.

Alistaafu akarudi kabla ya mvua za kwanza. Shamba langu la bondeni lilikuwa limegeuka pori, nikaita mgowe. Kwa wasiotoka huku niwaambie, mgowe si kibarua. Unawapa majirani taarifa, wanakuja na majembe yao, wanalima, wewe unapika. Sisi wa usharika tunatoa togwa. Wenye kutaka ulanzi, pombe ya mianzi, wanajua wenyewe wameuficha kichaka gani. Anayeongoza mstari ni mtu mzima, na kijijini kwetu ni shemeji yangu. Anaanza taratibu, anatupa neno, mwingine analidaka, na habari za vijiji vinne zinapita kwenye mstari ule kabla jua halijawa kali. Mwenye nguvu akimwona jirani yake amechoka, anamega kipande cha yule kwa jembe lake bila kumtazama usoni. Na hamna anayemaliza kabla chakula hakijaiva. Mpishi akichelewa, mstari unachelewa. Wanasikia harufu.

Niliinjika maharage alfajiri. Maharage ya huku juu yana kiburi, hayaivi kwa haraka ya mtu. Nimekaa na wanawake wenzangu tunamenya viazi, nikasikia filimbi.

"Mama," akasema jirani yangu, "bondeni kuna mechi?"

Hatukujua kama tucheke. Filimbi ikalia tena. Nikatuma binti mmoja akachungulie. Akarudi mbio anahema, "Afande amewagawa. Wamepimiwa kwa kamba. Kila kundi lina mkubwa wake na wanashindana."

"Na babu?"

"Babu amekalishwa kivulini."

Nikaacha kisu. Nilijua mjukuu wangu amefanya hivyo kwa heshima. Kwake yeye mzee hapaswi kuinama, mzee anapewa kiti. Lakini mtu yule ameongoza mstari tangu mume wangu hajafa, na kumpa kiti siku ya mgowe ni kama kumpa mchungaji kiti wakati wa mahubiri ukapanda madhabahuni wewe.

Jua halijafika hata nusu ya safari, huyo anapanda mlima, uso unang'aa, jasho linamtoka kama msichana wa shule.

"Bibi, tumemaliza. Shamba lote. Njoo uone, limenyooka kama mkeka. Chakula tayari?"

"Maharage bado mawe."

"Sasa?"

"Sasa hilo nakuuliza wewe."

Walikuwa wanapanda nyuma yake, kimya, miguu wameshanawa mtoni, majembe begani. Hamna aliyekaa. Wakapita mmoja mmoja mlangoni pangu, "Tunashukuru mama, tuna kazi zetu," "Pole na moshi mama." Mwingine akasema, "Afande, ruhusa kuondoka," na vijana wakacheka kile kicheko cha puani. Shemeji yangu alikuwa wa mwisho. Akasimama mbele yangu, jembe lake halina hata punje ya udongo.

"Shemeji, shamba lako limelimwa vizuri. Maisha yangu yote sijaona fatiki ya jeshini, kazi ya amri, nzuri kama ile."

Mjukuu wangu akamshika mkono. "Babu, subiri basi tule."

"Wanaokula ni waliolima, mke wangu. Mimi nilikuwa kivulini."

Akaondoka. Maharage yaliiva mchana, sufuria mbili kubwa zimejaa, na uani tuko wanawake sita na meja mmoja mstaafu. Nguruwe walishiba jioni ile.

Neno lilitembea. Mashineni wakisaga wanasema ametufanya makuruta. Gulioni wanasema akishakuwa mbunge tutaamshwa kwa filimbi. Yeye alizunguka kata zote anahutubia, amesimama wima, maneno yamenyooka, sauti inafika mpaka nyuma. Watu walimpigia makofi. Ulipofika wakati wa kura za maoni ndani ya chama, wakampa mwingine. Na si kwamba alikosa kidogo. Aliachwa mbali, na kijijini kwetu ndiko alikoachwa mbali zaidi.

Nilichokiogopa kikawa kimekuja, kimekaa jikoni kwangu kinamenya viazi. Alimenya gunia zima. Kisha akaniambia kuna watu Dar es Salaam wanamtaka awasimamie walinzi kwenye kampuni, atakwenda.

"Nenda," nikamwambia. "Ila usiende unadhani walikukataa kwa sababu ni mwanamke, au kwa sababu hawana shukrani. Utawachukia bure."

"Bibi, niliwamalizisha shamba kwa asubuhi moja."

"Nani alikwambia walikuja kulima?"

"Walikuja na majembe."

"Na kanisani tunakwenda na vitabu. Tunakwenda kusoma?"

Aliniangalia kama nimempiga kofi. Mimi sina maneno ya kubembeleza, sikuyasomea. Nikamwambia yote: mama mmoja jirani alikuja ule mgowe kwa sababu mwanawe amepotelea mjini na alitaka kumwuliza mtu wa mstarini aliyetoka huko. Kuna ndugu wawili wenye ugomvi wa mpaka, na mstarini ndipo wanapoongeleshana kupitia mtu wa katikati. Yeye aliwaweka makundi mbalimbali akawapigia filimbi. Na la babu yake nikamweleza. Hapo ndipo alipolia.

Kesho yake akaenda kwa shemeji yangu. Sikuitwa, lakini kwenye njia yangu ya maji huwa napita karibu na uzio wake, na siku ile nilipita polepole. Alikuwa amepiga magoti uani, magoti ya meja, kwenye vumbi. "Kamwene, babu," anamwamkia, anapiga makofi ya taratibu kama tulivyowafundisha watoto. Mzee akaitikia, kisha akaanza kuongelea ng'ombe wake. Ng'ombe amekataa majani, ng'ombe ana kwato mbaya, ng'ombe alinunuliwa Mdandu kwa mtu asiyeaminika. Mjukuu wangu amepiga magoti tu. Ng'ombe alipokwisha, mzee akasema, "Jumamosi kuna mgowe kwa yule mjane wa juu. Uje na jembe. Filimbi iache kwa bibi yako, atafukuzia kunguru."

Hakwenda Dar es Salaam.

Jumamosi ile akawekwa mwisho wa mstari, jirani na bibi mmoja mwenye mgongo uliopinda, analima kama anakuna upele. Akaambiwa asimpite. Nilikuwepo, nilimwona anavyoteseka. Mikono inataka kukimbia, yeye anaibana. Bibi yule akipumzika, naye anapumzika. Bibi akianza hadithi ya mkwe wake, anasikiliza hadithi ya mkwe. Jioni akarudi anasema hajawahi kuchoka hivyo jeshini.

Alikwenda mgowe wa pili, wa tatu, akaacha kusema amechoka. Akanunua shamba lake, akapanda viazi na parachichi, akaita mgowe wake mwenyewe, na shemeji yangu akaongoza. Akajiunga na kwaya, ingawa sauti yake ni ile ile ya kukera. Nilikuwa namwona anarudi na mambo ambayo hapo mwanzo hakuyajua: nani anadaiwa na dalali wa viazi, zahanati gani nesi haji, kwa nini watu wa kando ya mto hawapeleki watoto shule mvua zikianza. Hayo yote aliyaokota kwenye udongo, ameinama. Watoto waliendelea kumwita Afande. Wakubwa nao wakaanza tena, lakini sasa walilisema na meno nje.

Masika ya mwisho kabla ya uchaguzi mwingine, mto ulibeba daraja. Daraja lenyewe magogo tu na mbao zilizooza. Tatizo, watoto walikuwa shuleni, ng'ambo ya pili, na mvua inazidi. Kijiji kizima tukateremka mtoni. Kila mwanamume anatoa amri yake, wanawake tunaita majina ya watoto wetu kuvuka maji, kelele tupu. Mjukuu wangu alisimama na wengine, jembe mkononi, kimya. Nilimwona anautazama mto, anatazama mikaratusi ya kando, anatazama tena mto. Midomo imebanwa.

Shemeji yangu akamsogelea. "Afande."

"Naam, babu."

"Unajua la kufanya?"

"Najua."

"Mbona umenyamaza?"

"Anaongoza babu."

Mzee akapiga fimbo chini. "Leo toa amri. Leo tunazitaka. Na usinifanye nirudie mbele za watu, mke wangu."

Basi akatoa. Sauti ile niliyoichukia miaka yote ilikata mvua kama panga, na watu wote wakanyamaza mara moja. Wewe shoka, wewe kamba za ng'ombe, ninyi sita mkaratusi ule, ninyi huu. Kamba kubwa, ile ambayo ikiachiwa watu wanakwenda na maji, akamkabidhi shemeji yangu mkononi, akamwambia asimame mbele na vijana wanne nyuma yake wafuate mikono yake. Hakumpa kiti. Magogo yakalazwa kuvuka mto, yakafungwa, akavuka yeye wa kwanza akiyashikilia, maji kifuani, akaanza kuwapitisha watoto juu yake kwa mkono. Kabla giza halijaingia kila mama alikuwa na wake. Nilirudi nyumbani nimelowa mpaka kwenye mifupa, nashukuru kwa sauti njia nzima, wala sikujali nani ananisikia.

Hakujitangaza. Wazee walikuja wenyewe kwangu, wakanywa chai, wakamwambia achukue fomu. Kura za maoni akashinda. Uchaguzi akashinda. Kijana wa bodaboda alileta habari kutoka Njombe akipiga honi tangu mlimani, na mimi nililia kama mfiwa mpaka watu wakaja kunipa pole.

Nilikwenda Dodoma kumwona akila kiapo. Nilibeba sweta mbili, nikazibeba tu, kule joto. Alisimama wima, akasema maneno, wakampigia meza. Toka siku ile kila mtu akawa anamwita Mheshimiwa. Mlangoni Mheshimiwa, garini Mheshimiwa, hata yule aliyetuletea soda alikuwa anarudi kinyumenyume. Furaha ikanijaa, lakini ile hofu ya zamani nayo ikarudi. Nikajisemea, hii nayo ni sare. Ataivaa vizuri, wataanza kusimama mbali, na tutakuwa tumerudi kule kule.

Nilikaa na wazo hilo mpaka juzi. Alikuwa amekuja jimboni, tukapita Makambako pamoja. Mimi nilitaka mbegu za kabichi, nikashuka sokoni, nikapumzika juu ya gunia la mtu. Yeye akashuka kusalimia. Hakumaliza hatua kumi. Mama mmoja muuza viazi akamdaka mkono wa koti.

"Wewe. Njoo hapa. Kalavati letu liko wapi?"

"Mama, mkandarasi—"

"Mkandarasi hatukumpa kura."

"Nimelisemea bungeni mara—"

"Tulikusikia, redio tunazo. Gari limekatika ekseli pale pale ulipopaongelea. Unataka tuweke kibao, hapa ndipo Afande alipotuahidi?"

Wakaja wengine. Dereva wa fuso akaja na lake, muuza nyanya na lake la maji. Msaidizi wa mjukuu wangu, kijana wa tai, akataka kuingia kati, akasema, "Jamani, Mheshimiwa ana ratiba." Mama wa viazi akamwambia, "Na wewe nyamaza, hatukujui." Mwenyewe akamwondoa yule kijana kwa mkono. Akachuchumaa. Akaokota kijiti, akawaambia wamchoree chini maji yanapita wapi, na wale wanawake wakachuchumaa naye, wakawa wanamnyang'anya kijiti, wanafuta alichochora, wanamwambia hajui kitu. Mmoja alimpiga begani. Palepale palipokuwa na bibi na bwana.

Nikasema, "Asante Bwana." Nililisema kwa nguvu, halikunitoka kwa siri.

Mwenye gunia akanigeukia. "Wewe bibi, si ndiye mjukuu wako yule? Anasemwa vile, wewe unashukuru?"

"Msemeni," nikamwambia. "Msije mkamwacha."

Akanitazama kidogo, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kuongeza la kwake.